"Niko tu": wakati mutu si mgonjwa, lakini si muzima

Ukisalimia mutu asubuhi hapa Bukavu, mara nyingi atakujibu: "Niko tu." Hajasema ni mgonjwa. Hajasema ni muzima pia. Wengi wetu tunapitisha miezi, hata miaka, katika hiyo "niko tu", bila kujua kwamba kuna wataalamu walioichunguza.

Mwaka wa 2002, Corey Keyes, mtaalamu wa elimu-jamii wa Marekani, alitoa utafiti unaoonyesha kwamba afya ya akili si mambo mawili tu, wazimu na uzima. Ni kama njia ndefu. Ku mwisho mmoja kuko kufifia: mutu anafanya kazi, anakula, anaongea na watu, lakini moyo ni mtupu na siku zote zinafanana. Ku mwisho mwingine kuko kusitawi: mutu anapenda maisha yake, anajua sababu ya kuamka, na anaona ana nafasi kati ya wenzake. Wengi wako katikati.

Kati ya watu wazima zaidi ya 3000 wa Marekani, ni karibu 17 kwa 100 tu walikuwa wanasitawi. Tusiseme basi ni mambo ya wazungu: mwaka wa 2008, Keyes na wenzake walitoa uchunguzi kama huo juu ya watu wanaosema Setswana kule Afrika Kusini, na walikuta karibu 20 kwa 100.

Namna gani wanapima? Wanauliza maswali 14 juu ya mwezi uliopita. Matatu ni ya furaha na kuridhika. Kumi na moja ni ya namna ya kuishi: Je, unaleta mchango kwa jamii? Uko na watu unaowaamini? Unaweza kusema mawazo yako bila woga? Maisha yako yana mwelekeo? Hakuna swali hata moja linalouliza pesa unazo ngapi.

Tufikirie mama mwenye kuuza sambaza ku soko ya Kadutu. Aliacha koral. Aliacha likelemba. Jioni anafika nyumbani, anafunga mlango, basi. Kwa sababu bado analipa minerval ya watoto, hakuna anayemuona kama ana shida. Hapo ndipo hatari iko, sababu anayefifia muda mrefu anaweza kuangukia ugonjwa wa huzuni kabla watu hawajastuka.

Keyes anataja mambo matano yanayosaidia mutu kutoka hapo: kujifunza kitu kipya, kuwa karibu na watu, kulisha roho, kusaidia wengine, na kucheza. Kwetu hayo si mageni. Ni kujifunza kushona, kurudi ku likelemba, kwenda kanisani ao msikitini, kumchotea maji jirani mzee, kucheza mpira siku ya yenga. Anza na moja.

Tuseme ukweli: likelemba haimalizi vita, na mpira haushibishi watoto. Lakini mutu mwenye watu karibu yake anabeba mzigo tofauti na mwenye kuubeba peke yake.

Kama huzuni imepita wiki mbili, usingizi umekatika, chakula hakipiti, ao unawaza kufa, hiyo si "niko tu" tena. Usingoje. Mwambie mutu unayemuamini, na uende ku kituo cha afya. Kuko pia SOSAME hapa Bukavu na Tulizo Letu kule Goma, zote za Mafrère wa Charité. Hazikuwekwa kwa ajili ya waliorukwa na akili peke yao.

Na kesho, jirani akikujibu "niko tu", usipite mbio. Simama kidogo, umuulize: uko tu namna gani?