Kikao Kilichopotea Karatu

Ukitaja Karatu, kaskazini mwa Tanzania, habari ya kundi la watu wanaokutana kusaidiana kuacha pombe, wengi watakujibu haraka kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba kundi maarufu kuliko yote, Alcoholics Anonymous au AA, lilianzia mbali, huko Akron, Ohio, mwaka 1935, pale dalali wa hisa Bill Wilson na daktari mpasuaji Bob Smith walipoona kwamba mlevi humsikiliza zaidi mlevi mwenzake. Lakini utaratibu wenyewe, wa watu wenye jambo moja kuketi pamoja, kila mmoja akasema lake na wenzake wakamshika kwa neno lake, si mgeni katika nyanda zinazoshuka kutoka Ngorongoro hadi Ziwa Eyasi. Ninavyoisoma historia ya mahali hapa, pombe iliishi ndani ya kikao, na madhara yake yakaongezeka kadiri ilivyotoka humo.

Kwa Wairaqw wa nyanda hizi, pombe ya nafaka ilifuatana na kazi. Mwenye shamba aliwaita majirani kulima au kujenga, na kazi ikiisha wakaketi kuinywa. Pombe ndiyo iliyokuwa shukrani. Wazee walipokutana, palisemwa slufay, maombi marefu ya kishairi ambayo mmoja huyatamka na wengine huitikia. Wadatoga nao walikuwa na gesuda, pombe ya asali iliyohitaji asali nyingi na siku nyingi za maandalizi, ikanywewa na wazee kwenye shughuli kubwa kama bung'eda, maziko ya heshima. Wanawake hawakuwa watazamaji tu: mwanaanthropolojia George Klima, katika maandishi yake ya miaka ya 1960 kuhusu Wabarbaig, tawi la Wadatoga, alieleza baraza la wanawake lililoweza kumhukumu mwanamume aliyewakosea na kumtoza faini ya ng'ombe. Mtu ataniambia kwamba napamba zamani, na kwamba wazee hao hao walilewa chakari. Sikatai. Walilewa, ila mbele ya watu waliowajua, kwa sababu iliyojulikana, na mtungi ukiisha ilibidi kungoja nafaka au asali nyingine. Kijana hakuwa na pa kununua kikombe peke yake asubuhi.

Fedha ndiyo iliyokivunja kikao hicho. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa Oldeani, karibu na Karatu, na mashamba yakaleta mshahara. Mwenye mshahara hahitaji kualikwa na jirani. Sheria nazo zilihangaika na kinywaji chenyewe, si na namna watu wanavyokaa nacho. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeshazuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukauendeleza msimamo huo. Gongo, pombe kali inayotengenezwa kienyeji, ikabaki kitu cha kujificha, na anayejificha hana mzee wa kumwambia inatosha. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1966 ilitaka kuiingiza gongo katika mikono ya serikali, na Machi 1, 2017 viroba, pombe kali ya pakiti, vikapigwa marufuku nchini. Hatua hiyo ya mwisho naiunga mkono, maana kiroba ndicho kinywaji cha mpweke kuliko vyote: kidogo, rahisi, chaingia mfukoni. Hata hivyo marufuku huondoa pakiti dukani tu. Mnywaji humwacha pale pale alipo, peke yake.

Pingamizi zito zaidi ni la siri. AA imejengwa juu ya kutokujulikana, na katika mji ambao kila mtu anamjua shangazi yako, nani ataingia mlangoni? Hapa historia ya Afrika Mashariki yenyewe ina jibu. Uamsho wa Kikristo uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea hadi Tanganyika ulikuwa na vikao vya walokole, ambamo watu waliungama makosa yao, ulevi ukiwemo, mbele ya majirani wanaowajua kwa majina. AA nayo ilichipuka kutoka Oxford Group, harakati ya Kikristo iliyopenda maungamo ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kundi la Karatu halilazimiki kuiga usiri wa Ohio. Laweza kuanzia kwa wazee wa mtaa, kanisani au hospitalini. Haydom, huko Mbulu, hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955, ina wodi ya Amani inayopokea wagonjwa wa akili na walevi, na anayetoka wodini ndiye anayehitaji kikao kuliko wote.

Hoja yangu inakwama kwa Wahadzabe, wawindaji wa Eyasi. Pombe imewafikia pamoja na fedha za watalii, nao hawana mila ya wazee wenye mamlaka ya kumwambia mtu aketi au anyamaze. Asiyependa maneno ya kambi huhama, hufuata wengine. Kwao siwezi kusema kwamba kuna kikao cha kurejeshwa, na atakayewapelekea kundi la duara la viti lazima kwanza awaulize wao wenyewe humsemaje mwenzao bila kumtawala.