Barakoa tatu, jina moja (Afya ya Kifua Nyumbani, Sehemu ya 4)

Wiki iliyopita tuliongelea moshi wa mkaa na kifua cha mtoto. Baada ya ile posti mama mmoja wa huku kwetu Temeke alinifuata kliniki, mtoto mgongoni. Akaniambia: "Nesi, baba yake ni seremala pale Keko. Barakoa anavaa kila siku ya Mungu. Mbona kikohozi hakimwachi? Na huyu mdogo naye pua haziishi kutiririka."

Nikamwambia siku nyingine aje na hiyo barakoa niione. Akaja nayo. Ilikuwa ya kitenge, zile tulizoshonewa na mafundi cherehani mwaka 2020 wakati wa korona. Imefuliwa mpaka ukiinyanyua juani unaona upande wa pili.

Sikumcheka, na wewe usimcheke. Tatizo limeanzia kwenye jina. Sisi tunasema "barakoa" kwa vitu vitatu ambavyo kazi zao ni tofauti kabisa. Nikikupa historia yake utaelewa haraka kuliko nikikupa mistari ya kukariri.

Barakoa ya kwanza: ya kuficha uso

Waulize wazee wa Unguja na mwambao. Barakoa ilikuwa vazi la usoni la wanawake wa ukoo mkubwa, hasa wenye asili ya Oman. Inafunika paji la uso na pua, macho yanabaki wazi. Ilikuwa heshima na stara. Haikuwa na habari ya vumbi. Neno tulikuwa nalo kitambo, korona ilipokuja tukalipa kazi mpya.

Barakoa ya pili: ya kumkinga mwenzako

Mwaka 1897 daktari mpasuaji Jan Mikulicz, kwenye mji wa Breslau (leo ni Wrocław, Poland), alianza kufunga kitambaa cha shashi mdomoni akiwa anapasua. Lengo lilikuwa mate yake yasidondoke kwenye kidonda cha mgonjwa. Hii ndiyo bibi ya ile ya bluu tunayovaa sisi manesi, na ya kitenge ni binamu yake. Inazuia kinachotoka kwako. Hewa unayovuta inapita pembeni, kwenye mashavu na juu ya pua. Vumbi jembamba la mbao nalo linapita humo humo.

Barakoa ya tatu: ya kukukinga wewe

Hii ndiyo ya fundi, na historia yake ni ndefu. Karibu miaka 2,000 iliyopita mwandishi wa Kirumi, Pliny, alieleza wafanyakazi wa rangi nyekundu yenye zebaki waliofunika nyuso kwa vibofu vya wanyama ili wasivute vumbi lake. Yaani hata zamani zile mtu alijua kazi inaingia kifuani.

Mwishoni mwa 1910 tauni ya mapafu ilizuka Manchuria, kaskazini mwa China, ikaua watu kama 60,000. Daktari kijana mzaliwa wa Penang, Wu Lien-teh, akasema ugonjwa unapita kwenye hewa, hivyo wahudumu wavae pamba nene iliyozungushiwa shashi na kukazwa vizuri usoni. Daktari mwenzake Mfaransa, Gérald Mesny, hakukubaliana naye. Akaingia wodini bila kitu usoni. Januari 1911 akafa kwa tauni hiyo hiyo. Kuanzia hapo watu wakavaa.

Mwaka 1972 kampuni ya 3M ya Marekani ikapata kibali cha barakoa nyepesi ya kazini, mama wa hii tunayoita N95. Kitambaa chake kina chaji ya umeme tuli, kinanasa chembe kama kitana ulichosugua kinavyonasa vipande vya karatasi. Hiyo 95 maana yake inachuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo za mikroni 0.3. Lakini sikiliza: ilitengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani na migodini. Sisi wa hospitali tuliiazima tu.

Kwa nini vumbi la mbao si la kuchezea

Kule Uingereza kuna mji unaitwa High Wycombe, ulijulikana kwa viti, kama Keko yetu inavyojulikana kwa makochi na vitanda. Miaka ya 1960 daktari wa pua na masikio, Esmé Hadfield, aliona saratani ya ndani ya pua, ambayo ni nadra sana, inawapata mafundi samani kupita kawaida. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2017 likaamua hivyo hivyo kuhusu moshi wa kuchomelea vyuma.

Usiogope ukamwona mumeo tayari ni mgonjwa wa saratani. Inachukua miaka mingi, na kikohozi cha leo mara nyingi ni mzio au pumu. Lakini pumu nayo si mchezo. Wachonga vinyago wa Mwenge wanaujua mpingo: vumbi lake linawasha ngozi na pua.

Na kama ndugu yako anapasua mawe au anachimba, ujue vumbi la mawe linaacha makovu kwenye mapafu na kukaribisha kifua kikuu. Wachimbaji wa Mererani wanalijua hilo, na Hospitali ya Kibong'oto kule Siha inawahudumia wengi wao.

Rangi, vanishi na thina

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tarehe 22 Aprili 1915, Ypres, Ubelgiji, Wajerumani walifungulia gesi ya klorini kwa askari. Walionusurika walijifunza kwa uchungu kwamba kitambaa kikavu hakizuii gesi. Jibu likawa makaa yaliyotengenezwa maalumu, ambayo Mskoti John Stenhouse alikuwa ameyaweka kwenye barakoa tangu 1854. (Usije ukasaga mkaa wa jikoni. Si sawa.)

Kwa hiyo hata N95 nzima kabisa haizuii harufu ya thina. Vumbi ni chembe, thina ni mvuke. Ukisikia harufu ndani ya barakoa, mvuke unaingia.

Sasa dukani mnanunua nini?

1. Msasa, randa, msumeno: N95 au FFP2, yenye mikanda miwili ya kuzunguka kichwa. Za kuning'inia masikioni hazibani vizuri.

2. Vanishi na rangi: ya mpira yenye katriji mbili. Kwa mvuke wa thina alama ya Ulaya ni herufi A na mstari wa kahawia. Ya Marekani ni rangi nyeusi. Mbele iwe na kichujio cha vumbi, maana kompresa inatoa matone pia.

3. Rangi ya gari inayochanganywa na dawa ya kukaushia: hiyo inahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Gereji isiyokuwa nayo, baba asipige rangi hiyo.

4. Ndevu: barakoa haishikani na ndevu. Najua ni mjadala nyumbani, uongeeni taratibu.

5. Kubadilisha: ya vumbi ikiwa nzito kupumulia, imelowa au imechanika, itupwe. Haifuliwi. Katriji ikianza kupitisha harufu imekwisha.

Kama mumeo ameajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa. OSHA wapo kwa kazi hiyo.

Na yule mtoto? Barakoa ya baba haiwezi kumsaidia. Vumbi lilikuwa linafika nyumbani kwenye nguo, baba anambeba hivyo hivyo. Abadilishe nguo kazini, aoge kabla ya kumshika mtoto, nguo zifuliwe peke yake. Mjamzito usikae karibu na thina.

Yule mama alirudi baada ya miezi miwili. Mtoto pua zimekauka. Baba ananunua N95, na tulimpeleka kupimwa kifua. Amekutwa na pumu. Anatumia dawa, anafanya kazi, ila akipanda ngazi anapumzika katikati. Alivaa kitenge miaka yote hiyo akijua amejikinga, na hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana nimeandika.

Leo jioni akirudi, mwombe akuonyeshe anachovaa. Kama una swali niandikie hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Sehemu ya 5 ni betri chakavu na risasi kwenye damu ya mtoto.