Adrien Atiman

Adrien Atiman (1866 hivi – Karema, 24 Aprili 1956) alikuwa katekista na daktari wa Kanisa Katoliki aliyehudumia wagonjwa kwa miaka 67 huko Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa Tanganyika. Alizaliwa kando ya mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto alichukuliwa utumwani, kisha akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomea udaktari kisiwani Malta.

Alifika Karema mwaka 1889 akiwa kijana wa miaka 22 au 23. Anahesabiwa kati ya Waafrika wa kwanza kutoa tiba ya kisasa katika maeneo ya ndani ya Afrika Mashariki. Misheni ya Karema ndiyo chimbuko la Jimbo Katoliki la Sumbawanga, na hospitali ya jimbo hilo mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

## Utoto na utumwa

Atiman hakujua tarehe aliyozaliwa. Mwaka 1866 ni makadirio tu. Alikuwa bado mdogo alipotekwa na Watuareg na kuuzwa. Alivushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko mwaka 1876 alinunuliwa na wamisionari waliomwacha huru na kumpeleka shuleni. Baadaye alibatizwa na kupewa jina la Adrien. Hakuwaona tena wazazi wake.

Wamisionari hao, waliojulikana pia kama Mapadre Weupe kutokana na kanzu zao nyeupe, walikuwa shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, ambaye mwaka 1882 alifanywa kardinali.

## Masomo Malta

Mwaka 1881 Lavigerie alifungua Malta chuo cha vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, ili wasomee udaktari katika chuo kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alikuwa mmojawapo. Lavigerie aliona kwamba Wazungu waliotumwa kwenye Maziwa Makuu walikufa mapema kwa homa, na kwamba Afrika ingepokea Ukristo kwa njia ya Waafrika wenyewe. Kwa maoni yake, mtu anayeponya wagonjwa angekaribishwa hata pale ambapo mhubiri angekataliwa.

Vijana hao hawakuandaliwa kuwa mapadri. Walitarajiwa kuoa, kujenga nyumba kijijini na kuishi kwa desturi za Kiafrika katika mavazi, chakula na malazi. Mpango huo ulichukulia kwamba Mwafrika yeyote atakuwa nyumbani popote Afrika, lakini kutoka Niger hadi Tanganyika ni zaidi ya kilomita 4,000, na lugha za sehemu hizo mbili hazielewani.

## Safari ya Tanganyika

Atiman alimaliza masomo mwaka 1888 na mwaka huohuo akatumwa Zanzibar pamoja na kundi la wamisionari. Kilikuwa kipindi cha hatari: watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri walianza vita dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Ulaya nako, Lavigerie alikuwa akizunguka miji mikubwa kuhutubia dhidi ya biashara ya utumwa.

Kutoka pwani hapakuwa na reli wala barabara. Misafara ilikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi waliobeba mizigo yote, zikiwemo dawa. Mwendo wa kufikia ziwa Tanganyika ulichukua kwa kawaida miezi mitatu au zaidi. Njia hizohizo zilitumika kupeleka pwani pembe za ndovu na watumwa, kwa hiyo kijana aliyewahi kutembezwa Sahara kama mtumwa sasa alitembea kama mtu huru katika njia nyingine ya biashara ileile.

## Siku za kwanza Karema

Karema ilianzishwa mwaka 1879 na kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa niaba ya chama cha mfalme Leopold II. Baada ya Mkutano wa Berlin eneo hilo liliangukia upande wa Wajerumani, na mwaka 1885 boma likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Lilipojengwa lilikuwa karibu na maji, lakini kina cha ziwa kilikuwa kikishuka, na ufuko ukawa mbali zaidi mwaka hadi mwaka.

Wenyeji wa Karema ni Wabende. Pembeni mwa misheni waliishi pia watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, wengi wao wakiwa wametoka mbali. Kuwakomboa kwa kuwanunua kulizua ubishi, kwa kuwa fedha ziliwafikia wauzaji. Kwa Atiman jambo hili halikuwa nadharia: yeye mwenyewe aliwahi kununuliwa kwa njia hiyo.

Mgeni huyo hakuijua lugha ya wenyeji. Rangi yake ilikuwa kama yao, lakini elimu yake, dini yake na vyombo vyake vilitoka Ulaya. Ilimpasa kwanza kujifunza kusema nao, kisha kuaminiwa, kwa sababu wenyeji walikuwa na waganga wao na dawa zao.

Daktari aliyesoma wakati huo aliweza kuosha na kushona vidonda kwa usalama, kufanya upasuaji mdogo, kutoa kwinini kwa wenye homa na kuchanja dhidi ya ndui. Hakuwa na antibiotiki, na wala haikujulikana bado kwamba malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Dawa zikiisha, alisubiri msafara mwingine kutoka pwani.

## Kazi na familia

Atiman alioa mwanamke wa Kibende aliyeitwa Agnes. Mwana wao Yosefu alipata upadrisho mwaka 1923. Kwa ndoa hiyo mtu asiye na ukoo wowote nchini akapata wakwe na majirani.

Pamoja na kutibu alifundisha katekisimu. Katika miaka yake Karema ilipita katika magonjwa mengi, mojawapo funza, wadudu walioenea ng'ambo hadi ng'ambo ya Afrika mwishoni mwa karne ya 19, na ugonjwa wa malale uliofika kwenye fuko za ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Aliishi chini ya utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza. Kati ya vijana waliosomeshwa Malta, yeye ndiye aliyedumu kazini muda mrefu kuliko wote.

Habari za maisha yake, kama alivyozisimulia mwenyewe, zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*. Alifariki Karema miaka kumi baadaye.

## Karema na Ufipa

Kusini mwa Karema ardhi inapanda kuelekea nyanda za juu za Ufipa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa. Kutoka ufukoni wamisionari walifungua vituo vingine kusini na kupanda hadi kwa Wafipa. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika kuanzia mwaka 1891 hadi alipofariki Karema mwaka 1917, aliandika kitabu juu ya watu wa eneo hilo kilichotolewa mwaka 1913. Ufipa ikawa mojawapo ya sehemu za Tanzania zenye Wakatoliki wengi.

Mwaka 1946 vikarieti iliitwa Karema, na mwaka 1953 ikawa jimbo. Mwaka 1969 jina likabadilishwa kuwa Jimbo la Sumbawanga, kwa kufuata mji mkuu wa Ufipa. Tangu mwaka 2000 Karema yenyewe iko katika Jimbo la Mpanda, na kiutawala imo katika Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

## Kumbukumbu

Mbali na hospitali ya Sumbawanga, jina la Atiman limepewa nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam.