Lokole, Redio na Telefone: Nani Anayejibu?

Siku hizi tunasikia mara nyingi kwamba redio, telefone na intaneti huleta maendeleo. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yahitaji kuelezwa. Jembe lililoegemezwa ukutani halilimi shamba. Vivyo hivyo chombo cha habari hakimwendelezi mtu kwa nguvu yake chenyewe. Tuulize kwanza: nani anasema kwa chombo hicho, na nani anaweza kumjibu? Historia ya nchi yetu ya Kongo itatufundisha.

Lokole

Kabla ya posta na waya, watu wa mto Kongo walikuwa na ngoma ya kusema. Walokele, wakaao kandokando ya mto karibu na Kisangani, walichimba gogo la mti mgumu na kuliachia midomo miwili: mmoja watoa sauti ya juu, wa pili sauti ya chini. Lugha yao ina sauti hizo mbili, basi ngoma iliweza kuifuata. Lakini maneno mengi yafanana kwa sauti. Mwezi na kuku, kwa mfano, hulia namna moja katika ngoma. Kwa hiyo mpigaji hakutaja mwezi peke yake, bali aliongeza kwamba ndio unaotazama nchi kutoka juu. Hapo aliyesikia hakukosea. Mmisioni Mprotestanti John Carrington, aliyekaa Yakusu, alieleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1949.

Tuangalie neno moja. Watu walikuwa na majina yao ya ngoma, na vijiji vilikuwa na ngoma zao. Aliyeitwa aliweza kujibu.

Waya

Mwaka 1898 njia ya treni kutoka Matadi ilifika Léopoldville, na simu ya waya ilikwenda upande uleule. Amri zilitoka Boma, kilipokuwa kiti cha serikali, zikafika upesi kuliko mjumbe yeyote. Hatusemi kwamba waya ilikuwa kitu kibaya, kwani treni na bandari zilihitaji habari za haraka. Lakini mwenyeji aliyepita chini yake na mzigo kichwani hakuwa na neno lake ndani ya waya ile.

Redio

Mwaka 1949 redio ya serikali ya Wabeleji ilianza kutoa vipindi kwa ajili ya Waafrika. Watu walifurahi kusikia lugha zao na nyimbo zao. Hata hivyo, waliosikiliza hawakuchagua habari za kutangazwa.

Kisha ikaja taabu ya mwaka 1960. Tarehe 5 Septemba, Rais Kasa-Vubu alitangaza kwa redio kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Lumumba. Usiku uleule Lumumba alikwenda kwenye redio akajibu. Kesho yake Umoja wa Mataifa uliifunga redio hiyo. Kasa-Vubu aliweza kusemea Brazzaville, ng'ambo ya mto, lakini Lumumba alikosa mlango. Raia nao wakabaki na uvumi, na uvumi ni mama wa hofu.

Miaka ya baadaye waya za posta ziliharibika. Misioni nyingi zilisemezana kwa foni, ile redio ya kusema na kujibu. Kwa foni parokia ya mbali iliomba dawa au ilitoa habari ya mgonjwa mahututi. Hapo tuliona tena faida ya lokole: pande mbili zinasikilizana.

Tarehe 25 Februari 2002, wakati nchi imegawanyika kwa vita, Redio Okapi ilianza kazi kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle la Uswisi. Ilisema kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kichiluba na Kikongo. Watu wa pande zinazopigana walisikia habari ileile. Kazi hiyo ilidai damu: mwandishi wake Serge Maheshe aliuawa Bukavu mwezi wa Juni 2007, na Didace Namujimbo mwezi wa Novemba 2008, mjini mulemule.

Telefone

Mwaka 1986 Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda, alianzisha Telecel mjini Kinshasa. Ilikuwa kati ya telefone za mkononi za kwanza katika Afrika, lakini bei yake ilikuwa ya wakubwa. Baada ya mwaka 2000 telefone zilifika mikononi mwa watu wengi, na mwaka 2012 M-Pesa ilianza kupitisha fedha humu Kongo. Mama muuza maharagwe wa Bukavu aweza kuuliza bei ya Goma kabla ya kupakia mzigo katika mashua. Asiyejua bei hana nguvu mbele ya mnunuzi.

Lakini mlango waweza kufungwa tena. Mwezi wa Disemba 2011, baada ya kura, serikali ilikataza ujumbe mfupi wa telefone. Walioumia sana ni viziwi, maana kwao ujumbe huo ndio sauti. Na baada ya kura ya tarehe 30 Disemba 2018, intaneti ilikatwa karibu siku 20.

Tusimsahau pia mchimbaji wa koltani wa Rubaya, katika Masisi. Madini anayoyatoa kwa mikono huingia katika telefone za dunia nzima. Je, sauti yake nayo husafiri mbali hivyo?

Basi, ndugu, tusiseme kwamba kijiji kimeendelea kwa sababu tu antena imesimama kilimani. Tuulize kama mama asiyesoma amefundishwa kusoma ujumbe, kama mgonjwa anaweza kumwita mganga, na kama mkulima anaweza kumjibu mkubwa bila kuogopa. Wazee wetu walichimba midomo miwili katika gogo moja. Nasi tuwape watu masikio ya kusikia, pamoja na kinywa cha kujibu.