Bunduki ya zamani ya gumegume: jina lenye kuandikwa juu yake ni la nani?

Bunduki ya gumegume inawaka kwa jiwe. Mutu anatia baruti na risasi kupitia mudomo wa bunduki, anasindika kwa fimbo, kisha anaweka baruti kidogo ku kisahani cha pembeni. Akivuta, jiwe linapiga chuma, cheche zinaangukia baruti, na bunduki inalia.

Uingereza ilitengeneza nyingi za kuuzisha inje. Katika karne ya 18, ku pwani za Afrika ya Mangaribi, wachuuzi walizitoa kwa kupata pembe, zahabu, na hata watu wa kufanywa watumwa. Kule Canada, kampuni ya Hudson's Bay ilizibadilisha na ngozi za wanyama.

Jina si fundi

Mutu akisoma "Barnett" ao "Ketland" ku mutambo, anafikiri amejua fundi. Mara nyingi si hivyo. Ku muji wa Birmingham, mumoja alitengeneza bomba, mwingine mutambo, mwingine kitako cha muti, na mwingine akaunganisha vyote. Jina liliweza kuwa la mwenye kuuzisha tu. Barnett ilikuwa nyumba ya London, lakini hata mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliandika jina hilo, juu wanunuzi walilizoea.

Alama za bomba

Alama za majaribio zinasaidia zaidi. Bomba lilijazwa baruti nyingi kuliko kawaida kusudi waone kama litapasuka. Nyumba ya majaribio ya Birmingham iliwekwa na sheria ya 1813. Alama yake ya wakati ule ilikuwa na taji, fimbo mbili za kifalme zenye kupitana, na herufi BPC. Ya Liège ina herufi ELG ndani ya duara kama yai. Lakini alama inaonyesha kwenye bomba lilijaribiwa, ni kusema, haitaji fundi.

Umri nao unadanganya

Mapatano ya Brussels ya tarehe 2/7/1890 yalizuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na Congo yote. Gumegume zenye bomba laini ziliweza kuruhusiwa. Kwa hiyo umbo la zamani peke yake halionyeshi mwaka.

Mwenye kurizi bunduki ya namna hii asisugue kutu kwa musasa: alama zitafutika. Na asiikaribishe ku moto. Baruti yenye kubakia ndani, hata ya miaka mingi, inaweza kulipuka.