Land Rover 109 ya zamani: yasome haya kabla hujaanza kuifufua

Huku kwetu, kuanzia Kimamba mpaka Mikumi, bado kuna Land Rover za kizamani zimelala nyuma ya nyumba za watu. Zilitumika kwenye mashamba ya mkonge, misheni na idara za serikali, zikachoka, zikauzwa. Tangu lile tamasha la Land Rover pale Arusha Oktoba 2024 naulizwa sana na vijana wanaotaka kufufua moja, kwa sababu wananiona na 109 yangu. Nimeona bora niandike yote sehemu moja.

IJUE KWANZA
Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Series II ikaja 1958, IIA 1961, na Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Fupi yake ni 88. Kuzitofautisha ni rahisi: Series III mita zake ziko mbele ya dereva, za nyuma yake ziko katikati ya dashibodi.

Wengi hawajui kwamba nyingi ya gari hizi zilitoka Uingereza zikiwa vipande ndani ya makasha, zikaunganishwa nchi nyingine. Kwa majirani zetu, kiwanda cha Leyland Kenya pale Thika kilianzishwa 1974 kwa kazi za namna hiyo. Ndiyo maana karibu kila kitu kinafunguka kwa spana, na fundi wa kijijini akiwa na subira anaweza kuifungua yote na kuirudisha.

CHESISI NDIYO GARI
Bodi ni ya alumini, maana baada ya vita kuu ya pili chuma kilikuwa cha mgawo kule Uingereza. Watu wanaona bodi haina kutu wanatoa hela. Weee! Chesisi ni chuma, na ni box, hivyo inaoza kwa ndani. Chukua nyundo, lala chini, gonga mwanzo hadi mwisho. Ikilia kwa sauti kali, nzima. Ikilia kama debe lenye mchanga, imeliwa. Angalia zaidi boriti ya nyuma kabisa na mikono inayobeba bodi pembeni. Angalia pia ule ukuta kati ya injini na abiria, nao ni chuma, huoza miguuni kwa dereva.

Tope la huku wakati wa masika linakaa ndani ya chesisi miezi mingi. Ukikuta viraka juu ya viraka, acha hiyo gari. Na ukirudisha bodi, weka mpira au rangi nzito pale alumini inapogusana na chuma. Kukiwa na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

SPEA
Spea zipo, ila si za kwenda kununua kwa jina tu. Mambo matatu:
1. Andika namba ya chesisi pamoja na herufi yake ya mwisho. Herufi hiyo inaonyesha toleo, na matoleo yalibadilishwa vitu vingi.
2. Nenda na kile kifaa chakavu mkononi. Gerezani na Kariakoo muuzaji atakulinganishia. Mimi niliwahi kuuziwa duka fulani silinda za breki "za Land Rover", kumbe za fupi.
3. Usitupe kitu. Bushi, pini na shafti fundi wa kukereza vyuma anaweza kuchonga akiwa na sampuli. Ukitupa sampuli umejifunga. Ila vifaa vya breki usichongeshe, nunua.

KUBADILI INJINI
Injini yake ya asili ni ya lita 2.25, petroli au dizeli. Ile ya dizeli ina nguvu farasi 60 na kidogo. Wengi wanatamani 200Tdi ya lita 2.5, yenye zaidi ya 100. Inaingia kwenye gia boksi ya Series bila mateso makubwa, mradi utumie flaiwili na nyumba yake kutoka dizeli ya 2.25. Injini za Kijapani nazo zinafungwa, ila hapo unahitaji sahani ya kuunganisha iliyopimwa vizuri. Ikipinda kidogo, klachi na beringi zitakufa kila mara.

Sasa kumbuka: gia boksi na hafshafti zilitengenezwa kwa nguvu ya zamani. Mguu mzito utavunja kitu.

DIFU, SPIDOMITA NA BREKI
Hapa ndipo roho za watu zilipo. Difu ya Series ni 4.7, hivyo gari inapiga kelele lakini haikimbii. Watu wanaweka 3.54 za Land Rover 110. Badilisha mbele na nyuma zote mbili. Ukibadilisha moja, siku ukiingiza four wheel utapasua kitu. Na spidomita inaendeshwa kutoka kwenye gia boksi, kabla ya difu. Maana yake ikisoma 60, wewe uko karibu 80. Barabara ya Iringa inapita ndani ya hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, tembo na twiga wanavuka. Usiku na taa hizi hafifu, ukiwa na spidi usiyoijua na breki za drum magurudumu yote manne, unacheza na kifo. Kwa hiyo breki kwanza, injini baadaye. Spidomita irekebishwe kabla hujatoka Kilosa.

KADI
Kagua kadi kabla ya kulipa: namba ya chesisi ifanane na ya kwenye chuma. Ukibadili injini au rangi, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe. Bila hivyo, siku ya kuuza au kukaguliwa na trafiki, gari lako zuri litaonekana la wizi.

Kwa kifupi, matumizi ya hela yawe kwa mpangilio huu: karatasi, chesisi, breki na usukani, umeme, injini, rangi mwisho kabisa. Wengi wanaanza na rangi, ndiyo maana gari nyingi zinaishia uani zikiwa zinang'aa.

Mwenye kujua zaidi aongezee hapo chini, hasa mafundi wa Mikumi na Morogoro mjini. Naomba kuwasilisha.