Mikroskopi za zamani za shaba: kwa nini picha ilichelewa kuwa safi

Mikroskopi, ambayo vitabu vya shule vinaiita hadubini, ni chombo cha kukuza vitu ambavyo jicho peke yake haliwezi kuona. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa shaba ya manjano, ni kusema mchanganyiko wa shaba na zinki. Mafundi waliipenda kwa sababu ni rahisi kuikereza, inakubali meno madogo ya skrubu, na haishiki kutu kama chuma.

Mu mji wa Delft, Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, mwuza vitambaa, alibana lensi moja ndogo sana kati ya vibati viwili vya madini, mara nyingi shaba hiyo. Kitu cha kuangalia alikiweka kwenye ncha ya sindano, akakisogeza kwa skrubu. Chombo chote kilienea mu kiganja. Mwaka 1676 aliandikia Royal Society ya London kwamba ameona vidudu vidogo sana ndani ya maji.

Wengine walipanga lensi mbili au zaidi ndani ya bomba. Mabomba ya kwanza yalikuwa ya karatasi ngumu, mbao na ngozi, tena kuyasogeza kidogo kidogo ilikuwa kazi. Katika miaka ya 1740 John Cuff, fundi wa London, alitengeneza mikroskopi ya shaba: bomba linashikwa na nguzo ya upande, skrubu ndefu inalisogeza polepole, na pale pa kuweka kitu pako wazi kwa mikono. Chini kuna kioo cha kurudisha mwanga.

Lakini mwili imara haukutosha. Lensi zenyewe zilileta rangi na ukungu kandokando ya kitu. Mwaka 1830 Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa divai, alieleza namna ya kupanga lensi ili makosa yao yasiongezeane.

Miaka 50 baadaye, mwaka 1880, huko Constantine, Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliona vimelea vya malaria katika damu ya askari mgonjwa. Mpaka leo, kupima malaria kwa tone la damu kwenye mikroskopi kunategemea mambo yale yale mawili: skrubu inayosogea polepole na lensi safi. Kimoja kikiharibika, vimelea vinaweza kupita bila kuonekana, na mgonjwa akarudi nyumbani bila dawa.